Mafuta, Mnyama na Dinari Mbili: Gharama za Kupunguza Madhara kwa Wanaojidunga Dawa za Kulevya

Makala hii inakusudia kueleza jambo ambalo wachungaji na wanafunzi wa theolojia watazidi kuulizwa: huduma zinazoitwa "kupunguza madhara" kwa watu wanaojidunga dawa za kulevya zinagharimu nini, nani anayelipa, na Kanisa lina neno gani la kusema fedha zinapokatika. Kwa miaka mingi swali hili halikutusumbua, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha ilitoka nje. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Ruhusa zilizotolewa baadaye ziligusa hasa matibabu ya VVU na kinga ya mtoto asiambukizwe na mama yake. Kazi kubwa ya kinga kwa makundi mengine iliachwa nje. Tangu hapo kila mtu amelazimika kujifunza kuhesabu.

Ili hesabu yetu isiwe ya hewani, tumeichagua Tumbe iwe kipimo. Tumbe ni kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Pemba, katika Wilaya ya Micheweni, chenye soko la samaki linalojulikana kisiwa kizima. Hatusemi kwamba Tumbe imezidi vijiji vingine kwa uraibu. Tunasema kwamba huduma ambayo gharama yake imehesabiwa vema ni ile inayoweza kumfikia mtu wa Tumbe, wala si mtu wa mjini peke yake.

1. Huduma hizi ni nini

Heroini imepita katika pwani yetu tangu miaka ya 1980. Hapo kwanza wengi waliivuta; kujidunga kulienea mwishoni mwa miaka ya 1990 na baada yake. Njia yake ni bahari ile ile inayowalisha wavuvi. Mwezi Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo Darwin ilikamata kilo zaidi ya 1,000 za heroini ndani ya jahazi moja nje ya pwani ya Kenya.

Watu wakichangia bomba la sindano, VVU na homa ya ini aina ya C hupita kutoka damu hadi damu. Mwaka 2005 watafiti waliripoti kutoka Dar es Salaam desturi ya kutisha: mtu asiye na fedha ya kununua unga hudungwa damu iliyotolewa papo hapo katika mshipa wa mwenzake aliyekwisha kujidunga, akitumaini kwamba damu hiyo itamtuliza arosto. Uchunguzi uliofanyika Unguja mwaka 2007 ulionyesha kwamba kama asilimia 16 ya wanaojidunga walikuwa na VVU, na ule wa mwaka 2012 ulionyesha asilimia 11 hivi, wakati katika watu wote wa Zanzibar kiwango kilikuwa chini ya asilimia 1.

Kupunguza madhara ni kumsaidia mtu huyo abaki hai na asiambukizwe wala kuambukiza, hata kabla hajaacha dawa za kulevya. Mwaka 2009 mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliorodhesha huduma tisa, miongoni mwazo sindano safi, tiba ya methadoni, upimaji na matibabu ya VVU, na matibabu ya kifua kikuu na homa ya ini. Tanzania ilifungua kliniki ya kwanza ya methadoni katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Februari 2011. Zanzibar ilifuata mwaka 2015 katika hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja.

Wako wanaouliza kama kufanya hivi si kuibariki dhambi. Sisi Walutheri tuna njia ya kujibu. Mungu anatawala kwa mkono wa kuume kwa Injili, na kwa mkono wa kushoto kwa sheria, tiba na serikali, ili uhai wa viumbe wake uhifadhiwe. Methadoni haimhesabii mtu haki mbele za Mungu, wala haidai kufanya hivyo. Ni kazi ya mkono wa kushoto, kama mkate na kama uzi wa kushonea jeraha. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 Luther anaieleza amri ya tano hivi: anaivunja si yule anayeua kwa mkono tu, bali pia yule anayeweza kumkinga jirani na mauti naye asifanye. Basi swali letu si kama itupasa, bali itatugharimu nini.

2. Hesabu ya Msamaria

Tunaposoma Lk. 10:30-37 mara nyingi tunahubiri huruma na kuipita hesabu. Lakini Bwana wetu ameitaja hesabu kwa uangalifu. Kuna mafuta na divai, kuna mnyama, kuna dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, na mwisho kuna ahadi ya kulipa cho chote kitakachozidi. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja (Mt. 20:2). Mambo hayo manne ndiyo mafungu manne ya gharama katika huduma tunayoieleza: dawa, usafiri, watumishi, na kudumu.

3. Mafuta na divai: dawa na vifaa

Fungu hili ndilo linaloogopwa zaidi, nalo mara nyingi ndilo dogo. Bomba la sindano ni kitu cha bei ndogo sana. Methadoni ni dawa ya zamani isiyolindwa na hakimiliki, na tangu mwaka 2005 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mapitio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikadiria kwamba huduma ya sindano safi hugharimu kati ya dola 23 na 71 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwaka, na tiba ya methadoni kati ya dola 363 na 1,057. Hizo ni takwimu za nchi mbalimbali, wala si bei ya Zanzibar; lakini zatuonyesha uwiano.

Kwa nini methadoni izidi sindano kiasi hicho? Si kwa sababu ya dawa yenyewe. Nguvu ya heroini huisha kwa saa chache, na mtu hutafuta nyingine mara kadhaa kwa siku. Methadoni hunywewa mara moja, nayo humtuliza mtu kwa saa 24 au zaidi. Kwa kuwa ni dawa yenye nguvu, inayoweza kuuzwa mitaani au kumwua asiyeizoea, mgonjwa huinywa mbele ya muuguzi, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Gharama basi imo katika neno "kila siku": mlango unaofunguliwa kila siku, muuguzi aliyepo kila siku, kabati lenye kufuli na daftari lisilokosewa.

4. Mnyama: usafiri

Fungu la pili halimo katika vitabu vingi vya hesabu, kwa sababu anayelilipa ni mgonjwa mwenyewe. Msamaria alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake, yeye akaenda kwa miguu. Kama angempaka mafuta kisha akamwambia afike mwenyewe kwenye nyumba ya wageni, mafuta yangepotea bure.

Tuitazame Tumbe. Mwaka 2015 kliniki ilipofunguliwa Kidongo Chekundu, mtu wa Tumbe aliyetaka methadoni alipaswa kuvuka bahari. Angetoka kaskazini mwa Pemba, akipanda boti Wete, au akikikata kisiwa kizima hadi bandari ya Mkoani iliyo kusini, hata afike Unguja. Safari hiyo haiwezekani kila siku kwa mtu ye yote. Kwake yeye tiba isiyolipiwa shilingi moja ilidai ahame nyumba, aache mke na wana, aache ngalawa na kazi, akaishi mjini, penye marafiki wale wale wa unga, ili apate dawa ya kuacha unga.

Hata kliniki ikiwa katika kisiwa chake mwenyewe, maisha ya mvuvi hayafuati saa za kliniki. Wavuvi wa bamvua hutoka usiku na kurudi kwa maji. Wengine huenda dago, yaani hupiga kambi mbali na kwao kwa majuma kadhaa wakifuata samaki. Mtu anayetakiwa afike dirishani kila asubuhi hawezi kwenda dago. Basi atachagua kati ya dawa na riziki; akichagua riziki, ataandikwa kuwa ni mtoro wa tiba. Tunapenda wasomaji wetu waliangalie jambo hili vema, maana mara nyingi kinachoitwa ukosefu wa nia ni ukosefu wa nauli.

Dawa ya tatizo hili inajulikana. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2009 inakubali kwamba mgonjwa aliyetulia, ambaye hali yake ya nyumbani ni salama, apewe dozi za siku kadhaa aende nazo. Ziko pia sindano za buprenofini zinazodumu mwezi mzima, ingawa bei yake ni kubwa. Kila njia ina hatari zake, na kuzipima ni kazi ya waganga. Lakini ni haki Kanisa liulize: tukipunguza gharama ya kliniki kwa kufungua dirisha moja tu mjini, je, tumeipunguza kweli, au tumeihamishia kwa maskini?

5. Dinari mbili: mwenye nyumba na watumishi wake

Msamaria hakuweza kukaa. Alikuwa na safari. Kwa hiyo alimlipa mtu wa kukaa. Katika huduma zetu watu wa kukaa ni wauguzi, wafamasia, washauri, na hasa waelimishaji rika, ambao wengi walikuwa waraibu zamani na wanazijua maskani ambazo daktari hawezi kuingia. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, ambako waliokwisha kuacha huwasaidia wanaoacha.

Mtumishi asiyefundishwa ni gharama kubwa kuliko mshahara. Tuchukue mfano mmoja. Mgonjwa wa kifua kikuu hupewa rifampisini, nayo huipunguza nguvu methadoni mwilini. Muuguzi anayelijua hilo humwita daktari aongeze dozi. Asiyelijua humwona mgonjwa akitetemeka na kurudi kwenye unga, akahukumu kwamba ni mkaidi. Hapo tumempoteza mtu mmoja, na kifua kikuu chake kimerudi kwa watu wa nyumbani mwake.

Fungu hili ndilo lililotegemea zaidi wafadhili. Huko Muhimbili jengo na wauguzi vilitoka serikalini, na mfuko wa Marekani wa UKIMWI, ulioanzishwa mwaka 2003, ulisaidia sehemu kubwa ya mengine. Ikumbukwe pia kwamba fedha ya mfadhili huja na dhamiri yake. Sheria ya Marekani, tangu mwaka 1988 isipokuwa kwa muda mfupi, imekataza fedha ya serikali yao kununua sindano za kugawa. Kwa sababu hiyo methadoni ilipata mfadhili na sindano zikakosa, ikabidi wengine, kama Médecins du Monde huko Temeke, wazibebe. Asiye na mfuko wake hupangiwa hata namna ya kuhurumia.

6. Ahadi ya kurudi: gharama ya kudumu

Fungu la nne ndilo zito kuliko yote. Msamaria hakuweka kikomo, aliahidi kurudi. Tiba ya methadoni huchukua miaka, na kwa wengine maisha. Kuikatisha ghafula si sawa na kutoianza kabisa. Mwili wa mgonjwa umekwisha kupoteza mazoea ya heroini ya mtaani. Akirudi kwa kiasi kile cha zamani, aweza kufa usiku huo huo.

Jambo hili limekwisha kuonekana. Katika rasi ya Crimea, baada ya Urusi kuitwaa mwezi Machi 2014, tiba ya methadoni ilipigwa marufuku, na wagonjwa wapatao 800 wakaachwa. Mapema mwaka 2015 mjumbe wa Umoja wa Mataifa wa masuala ya UKIMWI katika eneo hilo alikadiria kwamba kati ya 80 na 100 walikuwa wamekwisha kufa, wengi kwa kuzidisha dozi au kwa kujiua. Sera ilibadilika kwa siku chache. Makaburi yalichimbwa kwa miezi.

Kwa hiyo ye yote anayeanzisha huduma hii na aketi kwanza kuhesabu, kama mjenzi wa mnara katika Lk. 14:28, si mwaka wa kwanza tu, bali na ule wa kumi. Na ye yote anayetaka kuifunga na ahesabu vivyo hivyo.

7. Je, huduma hizi huokoa fedha?

Watetezi wengi hujibu upesi: ndiyo. Wana ushahidi. Utafiti uliotolewa Australia mwaka 2009 ulionyesha kwamba katika miaka kumi, kuanzia 2000, huduma za sindano zilizogharimu dola milioni 243 za nchi hiyo zilizuia maambukizi 32,050 ya VVU na 96,667 ya homa ya ini aina ya C. Kwa kila dola iliyotumika, zaidi ya dola nne ziliokolewa katika matibabu. Hoja hiyo imewashawishi mawaziri wengi wa fedha, nasi hatuidharau.

Lakini tusiifanye kuwa msingi. Hesabu ya Australia ni ya nchi ambayo matibabu yake yana bei kubwa mno. Kwetu hali ni nyingine. Mwaka 2023 Mfuko wa Dunia ulitangaza kwamba bei ya dawa za ARV za mtu mmoja kwa mwaka imeshuka chini ya dola 45. Hapo mhasibu mwenye moyo mkavu aweza kusema: ikiwa methadoni ni mamia ya dola na ARV ni 45, si nafuu tumwache aambukizwe, kisha tumtibu?

Hesabu hiyo ina makosa hata kwa hesabu yenyewe. Imesahau maabara, wauguzi na miaka arobaini ya kumeza dawa. Imesahau mke na mtoto watakaoambukizwa, homa ya ini, kifua kikuu, kesi za mahakamani na siku za jela. Imesahau kwamba methadoni humrudishia baba wa Tumbe mikono ya kuvuta nyavu. Lakini tukilijibu swali hilo kwa namba tu, tumekubali kwamba siku namba zitakapogeuka, mtu huyo aweza kuachwa njiani. Msamaria hakuuliza atarudishiwa nini. Hoja ya kuokoa fedha ni mtumwa mwema. Tusiiweke kiti cha enzi. Msingi wetu ni amri ya tano, nayo haipandi wala kushuka pamoja na bei sokoni.

Wengine watasema kwamba majeruhi wa njia ya Yeriko alijeruhiwa na wanyang'anyi, bali huyu amejijeruhi mwenyewe. Tuwaulize: KCMC huko Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema, humwuliza dereva aliyevunjika kama alikuwa amelewa kabla ya kumfunga mguu? Kwanza damu huzuiwa. Maungamo yana wakati wake, na hayafanywi na maiti.

8. Neno kwa watumishi

Tumbe karibu watu wote ni Waislamu, nasi Walutheri katika Pemba ni wachache mno. Hatuwezi, wala haitupasi, kwenda kama wenye mji. Mwenye sauti pale ni imamu na sheha. Jambo la kutia moyo ni kwamba Waislamu wenyewe wametangulia mahali pengine. Malaysia ilianza tiba ya methadoni mwaka 2005, na mwaka 2010 msikiti wa Ar-Rahman mjini Kuala Lumpur ukawa mahali pa kuitolea. Waraibu walikunywa dawa yao pale pale waliposali. Penye nyumba ya ibada kila kijiji, umbali hupungua. Kinyume chake, mwaka 2012 Kenya ilipoanza kugawa sindano, baadhi ya viongozi wa dini walipinga hadharani. Neno la kiongozi wa dini laweza kuifanya huduma iwe ghali au rahisi kabla shilingi moja haijatumika.

Basi tunapendekeza mambo machache. Kwanza, tuache kumwita mtu "teja" mimbarani, maana aibu humficha, na aliyejificha ni ghali kumtafuta. Pili, washarika wetu wafundishwe kwamba nauli ni diakonia kamili. Mnyama wa Msamaria alikuwa sehemu ya uponyaji kama mafuta yalivyokuwa. Tatu, tusiitoe methadoni wala nauli kama chambo cha kuwavuta watu wabadili dini; zawadi yenye ndoana si zawadi. Nne, tuseme na serikali zetu, ya Muungano na ya Zanzibar, kwani afya si jambo la Muungano na kila moja ina bajeti yake, ili huduma hizi ziwekwe katika fedha za nchi.

Mwaka 1523 mji wa Leisnig, kwa shauri la Luther, ulianzisha hazina ya pamoja kwa ajili ya maskini. Funguo zake zilishikwa na watu wa makundi mbalimbali ya mji, hata hakuna mmoja aliyeweza kuifungua, wala kuifunga, peke yake. Miaka minne baadaye, tauni ilipoingia, Luther aliandika kwamba ingekuwa vema kila mji uwe na nyumba za wagonjwa kwa fedha za umma. Na pale zisipokuwapo, kila mmoja hana budi kuwa hospitali ya jirani yake. Yote mawili yanatupasa hata leo. Dirisha la dawa likifungwa kwa sababu mfadhili wa mbali amebadili nia, kuna mtu ambaye kesho asubuhi ataamka na arosto, na kabla ya adhuhuri atakuwa ameitafuta sindano. Hana muda wa kutungoja tumalize mjadala. Mafuta yapo, na bei yake twaijua. Kinachosubiriwa ni mnyama, dinari mbili, na mtu wa kuahidi kwamba atarudi.